Ndezi wa Mfereji wa Saba

Jioni ile walichoma shamba namba kumi na nne.
King'ora kilipolia tulikuwa tumeshajipanga ukingoni:
Eliufoo mbele, kwa sababu ana ndevu tatu,
Ndeshau na panga la kuazima,
mimi nyuma kabisa, gauni la shule nimelifunga kiunoni,
mkononi mpini wa jembe lililokufa,
na Deni, mbwa wetu, ambaye hakuna aliyemwita.

Moto wa miwa si moto wa kuni.
Unapasua. Kila pingili na risasi yake.
Harufu inakuja tamu,
halafu chungu, halafu huna pua.
Majivu yalianguka marefu marefu, kama kope.
Moja lilinitua mdomoni. Nikalimeza.

"Moto si wako," Eliufoo alikuwa ameniambia.
"Angalia chini, pale nyasi zinapocheza
na upepo haupo."

Mwaka jana niliangalia moto.
Mwaka juzi nilipiga dole gumba la mguu wangu mwenyewe,
nikachechemea hadi Pasaka,
na darasa zima la tano, Arusha Chini,
likaniita Fundi Vidole.

Wa kwanza alimpitia Ndeshau. Panga likakata maji.
Wa pili alikuwa nyoka;
tukampisha, kama anavyopishwa mkwe.
Kisha kimya, ule ukimya wa moto unapovuta pumzi,

na nyasi zikacheza.

Sikumwona. Naapa sikumwona.
Mikono ndiyo iliyomwona.
Mpini ulishuka, na kile kilichopanda nao
hakikuwa kishindo. Kilikuwa kama mtu
anayetua gunia la mpunga polepole, asiamshe watoto.
Kilipanda hadi begani kwangu kikakaa.

Deni alifika kabla yangu. Hakumgusa.
Aliketi, akanitazama mimi.

Manyoya ya fagio la chelewa.
Meno ya rangi ya chungwa, makubwa kuliko aibu yake,
na katikati ya meno kipande cha muwa
alichokuwa hajamaliza.
Nilikichomoa. Sijui kwa nini nilikitia mfukoni.
Tumbo lake lilikuwa la moto bado,
na sikujua kama ule moto ni wa shamba au ni wake.

"Usimbebe mkia! Unakatika!"
Nikambeba kwa miguu ya nyuma, njia nzima,
nikipita makusudi mbele ya nyumba ya Fanueli,
yeye aliyetunga lile jina.
Hakuwepo. Alikuwepo dada yake, anaanua nguo,
anasonya majivu kwenye mashuka.

Nyumbani, baba mdogo Ndelilio alivua kofia.
Akatandika jani la mgomba, akanoa kisu mara mbili,
kama mbele yake kuna fahali.
Maana kwetu mnyama hagawanywi kwa njaa,
anagawanywa kwa ukoo.
Kidari, cha baba. Mbavu za kulia, za shangazi,
hata kama shangazi yuko Moshi mjini na hatazifuata.
Mgongo, wa bibi, ambaye hana meno ya mgongo.
Shingo, ya jirani aliyetuazima panga
lililokata maji.
Watu kumi na mmoja, ndezi mmoja,
na kila mtu akapokea kwa mikono miwili.

"Na mwindaji?" baba mdogo akauliza,
macho yakimtafuta Eliufoo.
Eliufoo akatazama mafiga.
"Ni Aikande," akasema bibi, mgongo mdomoni.

Kisu kikasimama hewani.
Kwa sehemu hiyo, desturi haikuwa na jina la msichana.
Kisha, bila neno, akanikatia ini,
dogo kama kifungo cha koti.

Nililila mbele yao wote, wakanitazama hadi nikameza.
Lilikuwa na ladha ya chuma. Nilisema ni tamu.

Usiku, wenzangu wamelala, bega linanidunda,
nilikitoa kile kipande mfukoni.
Upande mmoja alama za meno, zimepangika vizuri,
kama mishono ya fundi asiye na haraka.
Nikakigeuza.
Nikatafuna upande ule
ambao hakuwa ameufikia.